Pale Tulipokuwa Tukiruka

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kidole,

Hujambo huko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima. Magoti yangu yananipigia kelele, nayapuuza. Mama mdogo anakula, analala na anagomba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Barua yako imenitia simanzi. Eti unataka kuigawa ile fidla yako ndogo, kwa kuwa aliyeharibu santuri ya baba hastahili kuweka ala ndani. Loo! Miaka arobaini, bado umelibeba hilo?

Hebu nikupe habari za chekechea. Kila asubuhi nawachezesha watoto muziki wa okestra. Kukaa chini? Thubutu! Fidla zikinong'ona wananyata, tarumbeta zikilia wanapiga kwata, kisha wanagombania njuga na kingoma. Ndivyo baba alivyotufundisha, tukizunguka meza ya karakana huku piano za watu zikimsubiri azitengeneze. Mpaka leo nikisikia harufu ya gundi namkumbuka, na machozi yananilengalenga.

Juzi alikuja mwalimu wa muziki wa chuoni kututazama. Nikaweka muziki ule ule wa baba, rekodi mpya isiyo na doa. Tulipofika katikati, watoto wote ishirini na tatu wakaruka juu, puu! Nami na magoti yangu haya, puu! Mgeni akashangaa: "Mwalimu, mbona hapo hamna kitu? Mnaruka nini?"

Kumbe siku zote nimekuwa nikiwafundisha mkwaruzo wako!

Ulikuwa na miaka minne ulipoikwaruza santuri kwa msumari, ukajificha chini ya piano ukilia. Wewe umebaki na kilio tu. Mimi nilikuwa na tisa, nakumbuka yaliyofuata. Baba aliweka sindano, ilipofika kwenye mkwaruzo ikaruka, naye akaruka, na lile tumbo lake! Akasema, "Haya, tumepata pa kurukia. Toka huko, mwanangu, twende." Baadaye mteja mmoja alimletea santuri mpya kama hiyo hiyo. Akaikataa kwa shukrani, eti hiyo haina pa kurukia.

Sasa nisikilize, maana mimi ndiye mkubwa wako. Fidla usimpe mtu. Watoto wangu hawajawahi kushika fidla ya kweli, na hiyo inawatosha mikononi. Ilete mwenyewe, uje uwaonyeshe.

Kama bado unasitasita, tafuta muziki ule, usimame katikati ya chumba, uusikilize mpaka pale. Miguu yako ikinyanyuka, funga mizigo.

Msalimie wifi yangu, na watoto uwaambie shangazi yao bado anaruka. Mungu akuondolee huo mzigo, akulete salama.

Wako akupendaye,
Dada