Kitanda Namba Sita

4 Februari

Baba Kibogoyo,

Habari za huko, na kikohozi kimeisha? Sisi wazima, ila usingizi umetuhama. Kibogoyo wako ana meno mawili sasa, lakini jina limeshamganda. Nisamehe kwa kukukataza kupiga simu. Akisikia sauti yako anakutafuta mpaka uvunguni, halafu analia kutwa. Barua hazimlizi yeye.

Ulisema ukimaliza hiyo kazi ya mashine za dripu unarudi. Unamaliza lini? Usiniambie "karibuni". Hilo ni neno la mlangoni.

Mama Kibogoyo

19 Februari

Mke wangu,

Nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi mzima, ukiacha mgongo.

Nikueleze vizuri. Mashine ya dripu ina kompyuta ndogo ndani, na mimi naandika kiini chake, ile programu ya chini kabisa inayozigawia nyingine zote nafasi na zamu. Kiini kikikosea, mgonjwa ndiye anayeumia. Bosi ameniachia nichague lugha ya kompyuta ya kukiandikia.

Kuna C, ya zamani, naijua nje ndani, na nusu ya kazi iko tayari. Inanitii kwa kila kitu, hata nikikosea. Nikiachia nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikapewa kazi nyingine, nami nikasahau nikaendelea kuandika palepale, hainiambii kitu. Kuna Rust, mpya kidogo, sumbufu. Kosa kama hilo inalikataa mapema; programu haijengeki mpaka nirekebishe. Ila itabidi nianze upya, na bado najifunza.

Kwa C narudi Mei. Kwa Rust, labda Mei ya mwakani. Nimemwambia bosi C. Nimewachagua nyinyi.

Baba Kibogoyo

2 Machi

Baba Kibogoyo,

Pole na mgongo. Acha kufanyia kazi kitandani. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili nikiwa na furaha.

Ya tatu niliisomea kazini, nimekalia ndoo niliyoipindua, hapo wodini ninaposafisha. Nikakumbuka kitanda namba sita. Mwaka jana bibi mmoja aliruhusiwa asubuhi, nikatandika shuka, akalazwa mama mwingine. Karatasi ya dawa haikubadilishwa. Nesi akaja na sindano ya yule bibi.

"Kitanda sita?"

"Ndiyo, sita," akasema mama wa watu.

Wote wawili walisema kweli! Nikapiga kelele na mopu mkononi: "Dada, huyo siye!" Akaniambia nisimfundishe kazi. Kisha akasoma tena jina kwenye karatasi, akaiweka sindano kando, akakaa chini.

Hilo kosa lako, nafasi imeshapewa mwingine na wewe bado unaiandikia ya zamani, si ndilo hilohilo? Siku ile nilikuwepo mimi na mopu. Ndani ya mashine yako atakuwepo nani?

Usiniambie utakuwa mwangalifu. Yule nesi ni mwangalifu kuliko wewe. Wewe chai unaitia sukari mara mbili.

Rudi kwa bosi ukabadilishe. Na usiseme umetuchagua sisi. Usituingize mimi na mtoto kwenye kosa litakalomwangukia mtoto wa mwenzangu.

Nakupenda, na nimekasirika.

Mama Kibogoyo

14 Aprili

Baba Kibogoyo,

U mzima? Kimya gani hiki? Kama umeudhika, udhika kwa maandishi.

Mama Kibogoyo

20 Mei

Mke wangu,

Natumaini mko salama, na samahani kwa kimya. Sikuudhika. Nilikuwa natafuta mahali ulipokosea, sikupaona.

Nikaanza kuihamishia ile nusu ya C kwenye Rust, kwa kujaribu tu. Siku ya tatu ikagoma. Mahali panapohesabiwa matone, nilikuwa naandika kwenye nafasi niliyokwisha kuiachia. Mstari ule nilishaupitia mara kumi nikauona safi. Nikamwonyesha bosi. Akaupitia mwenyewe, akasema, "Anza upya."

Bado zipo sehemu chache zinazogusa vyuma vyenyewe, ambapo hata Rust inabidi iniamini tu. Ni kumi na moja. Kila moja mwenzangu anaisoma kwa sauti mbele yangu, na ananichosha kwa maswali.

Likizo zimefutwa. Mwaka huu sitarudi.

Baba Kibogoyo

1 Juni

Baba Kibogoyo,

Barua imefika. Pole na kazi, naona hata mwandiko umechoka. Mtoto hajambo, anatembea kwa kushika ukuta. Mimi nipo.

Nashukuru umeliona hilo kosa. Hizo kumi na moja zisizidi, na huyo mwenzako aendelee kukuchosha.

Sasa nikwambie jambo ambalo sitalirudia. Ile barua ya Machi nilipoitia kwenye sanduku la posta, nilibaki nimesimama pale, nikitamani ikwame. Na ulivyokaa kimya, nilijiambia amekataa, anakuja. Nikafua mashuka. Nikahamishia nguo zangu upande mmoja wa kabati, upande wako ukabaki wazi.

Leo nimezirudisha. Haikuchukua hata robo saa.

Usinijibu kuhusu hili.

Mkeo