Waya Wangu Kwenye Mguu wa Bongo

Jumapili, 17 Agosti. Miezi saba tangu nitoke Bungoma. Baridi ya huku Chaka, chini ya Mlima Kenya, leo inauma hadi mifupa, na mimi nimejaa aibu.

Leo mwenye shamba la viazi alitupeleka sisi vibarua wake kutembea mbuga ya Mlima Kenya. Wenzangu wanauona huo mlima kila siku, lakini msitu wake hawajawahi kuuingia.

Mimi nimeuingia. Mara tatu, kwa kujificha, kutega paa. Nilikuwa nimechoka na kabichi, nikatamani nyama.

Askari wa wanyama alituonyesha bongo, yule swala mkubwa wa msituni, jike aliyefungiwa zizini atibiwe. Sijawahi kuona mnyama mzuri hivyo. Mwekundu kama udongo wa huku, na mistari myeupe ubavuni kama amechorwa kwa chokaa. Wamebaki wachache sana, askari akasema. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umekatika hadi mfupa unaonekana.

Kisha akainua waya uliomkata.

Niliujua palepale. Umezungushwa mara tatu, mkia umerudishwa ndani usikwaruze mkono. Ndivyo baba alivyonifundisha kutega nyumbani.

"Huku kwetu hatufungi hivi," askari akasema.

Nderitu, ninayelima naye, akanipiga bega. "Wafula, si useme tu ni wewe! Nyinyi watu wa Bungoma mkikosa nyama wiki moja mnalazwa hospitali!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote.

Askari hakucheka. Alisema hata hivyo wanamshuku Mzee Gathogo, maana ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuingia kuweka mizinga ya nyuki upande ule. Kesho asubuhi wanaenda kwake kumnyang'anya hiyo ruhusa.

Mzee hana kazi nyingine. Na ni yeye aliyeniletea asali mwezi wa saba, nilipokohoa hadi nikashindwa kushika jembe. Hata jina langu alikuwa hajalijua.

Nami nikarudi na wenzangu shambani bila kukiri.

Nimejaribu kujitetea kwamba nilitega paa, si bongo. Lakini ule waya niliuacha msituni wiki mbili bila kurudi kuuangalia. Niliona uvivu kutembea kwenye mvua.

Kesho kabla hakujapambazuka vizuri nitakuwa kwa geti la askari. Nitawafungia waya mwingine mbele ya macho yao, waone ni mkono wangu.

Nekesa mke wangu, nilikuambia nitafika nyumbani Desemba. Usiwaambie watoto Desemba tena. Waambie baba atakuja mwaka ujao, wakati wa kupanda mahindi, wakimwachilia.