Siku Baba Alipokataa Kuanza Sala

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, mama. Huku Mwika hatujambo. Babu yako amemaliza kuchuma kahawa, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Umeniuliza ni lini nilianza kumwamini Mungu kwa moyo wangu mwenyewe. Nilikuwa msichana mdogo. Siku hiyo niligombana na dada yangu Rosa, nikamtolea maneno mabaya, naye akakimbilia migombani. Jioni mama akapakua mtori wa ndizi na nyama, lakini baba hakuanza sala.

"Rosa yuko wapi?" akauliza.

"Amenuna," nikajibu. "Tule tu, baba."

"Nitamshukuruje Mungu huku mmoja wetu hayupo? Kamlete."

Nilitoka kwa hasira. Nikamkuta Rosa amejikunyata chini ya mgomba, analia na kutetemeka kwa baridi. Hasira ikaniishia palepale. "Nisamehe, dada," nikamwambia, nikamshika mkono tukarudi.

Mtori ulikuwa umepoa, na hakuna aliyegusa bakuli lake. Baba alitutazama, akafumba macho, akasema, "Asante, Bwana. Tumetimia."

Sala nilizijua zote kabla ya jioni ile, ila kushukuru nilikuwa sijawahi.

Nasi huku, kila tunapoketi kula, tunakutaja kwa jina.

Bibi yako