Kila Maombi Wanamwita Amina

Jumapili, 10 Juni 1956

Leo nimeomba kanisani mpaka kanisa zima likalia. Wanaume kwa wanawake!

Haya, uongo. Alilia mtoto mmoja tu, na huyo alikanyagwa kidole. Wengine walisinzia. Kimaiyo, mzee wa kanisa, akakohoa ili nimalize. Nikajifanya nadhani ana kifua. Nikaendelea.

Nilikuwa namwombea Persila, mke wa mwanangu Naftaly. Tumbo limekuwa kama pipa, na mwaka jana alizika mtoto. Hasemi neno. Lakini namwona anavyokunja zile nguo ndogo, anakunjua, anakunja tena. Nampenda huyu msichana. Ananipikia samaki na hanicheki nikitafuna mpaka kichwa. Basi nilitumia maneno makubwa makubwa. Mengine hata sijui maana.

Jumatatu, 11 Juni

Mjukuu wangu Akoth ana miaka mitano na maswali ya korti. Leo: Babu, mbona Amina haji?

Amina gani?

"Huyo mnamwita kila mkimaliza kuomba. Wote, tena kwa kelele! Halafu mnafungua macho mnakula."

Nimecheka mpaka jino langu likatikisika. Kwa landhi zetu, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, Amina ni mmoja: Bi Amina, mama Mwislamu anayekaa karibu na bomba la maji. Mkunga. Watu wake walitoka pwani. Nikamwambia Akoth hilo ni neno la kanisa tu. Maana yake nini? Nikakwama! Tangu nibatizwe nalisema. Nikamjibu maana yake "tumemaliza." Hakuniamini, naona.

Jumatano, 13 Juni

Nimemsimulia Kimaiyo kichekesho cha Akoth. Hakucheka. Huyu hajacheka tangu anunue tai. Akasema mtoto afundishwe vizuri: amina ni "na iwe hivyo."

Akoth akatoa kichwa chini ya meza. "Mkishasema iwe hivyo, mbona bado mnaogopa?"

Kimaiyo akaangalia saa.

Persila anaumwa mgongo, na siku zake bado. Hospitali tulipanga Jumamosi, Naftaly akirudi na treni. Nikagusia habari ya mkunga. Kimaiyo akasema, Mzee Oloo, hirizi haziingii nyumba ya Mkristo, sisi tutaomba. Persila akanitazama. Nilikuwa na la kusema. Nikasema chai ni tamu.

Ijumaa, 15 Juni

Naandika kwa sababu nimefukuzwa mlangoni na mikono haina kazi.

Imeanza asubuhi, niko kwa uji. Persila alishika mlango akaita "Baba!" – sauti si yake. Naftaly yuko na treni huko Kisumu. Hospitali? Hata hatua moja hawezi. Kimaiyo akaja na wazee wengine, wakapiga magoti hapa nje. Na mimi nikapiga. Ndani Persila analia, nje sisi tunapaza sauti kama tunashindana naye. Tukamaliza: Aminaaa! Nikafungua macho. Akoth hayupo.

Amerudi anamvuta Bi Amina kwa leso. Mikono ya mama wa watu bado ina unga wa mandazi!

"Huyu mtoto anasema mnaniita tangu Jumapili. Kwani mimi ni kiziwi?"

"Nimemwambia hamjui nyumba yake," Akoth akatutetea.

Kimaiyo akasimama mlangoni, mikono imetanuka. Mama, sisi hapa tunamwomba Mungu.

"Na mimi wadhani nimetumwa na nani, mzee? Sogea."

Hakusogea. Basi nikamshika hiyo tai nikamvuta kama mbuzi wa mnada. Akaja! Bi Amina akapita. Hirizi sikuona. Aliitisha sabuni, wembe mpya na maji ya moto. Na nani ameenda bombani na ndoo? Kimaiyo. Tai ameitupa begani. Mungu ambariki, alikimbia.

Saa sita hivi – kilio! Kijana! Nimeruka na goti hili bovu. Asante, Mungu. Asante kwa huyo anayelia, asante kwa unga wa mandazi, asante kwa mtoto asiyejua kwamba sisi tukiomba huwa hatutegemei mtu kuja.

Halafu Bi Amina akachungulia. Kuna mwingine ndani. Na huyo amelala upande.

Mapacha! Kwetu pacha wa kwanza huitwa Opiyo, wa pili Odongo. Opiyo amefika. Odongo amekataa. Bi Amina hatanii tena, na Persila simsikii kabisa. Kimaiyo ananitazama nianze maombi. Nimefungua mdomo. Maneno makubwa yote yametoroka. Wazee wanaangalia chini. Akoth peke yake ana kazi – amekaa kwa ngazi, anapanga nguo ndogo mafungu mawili, moja la Opiyo, moja la Odongo. Anaimba.

Nimemwita hapa kando. Nimemwambia, Akoth, si nilikubeba mgongoni mpaka ziwani ukaone ndege wekundu, na nikakurudisha mgongoni? Hujanilipa. Basi nilipe sasa, mama. Omba wewe. Mimi nitaitikia.