Onyo Nililolinyamazisha

Kampala, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mupenzi,

Mugongo wako iko namna gani? Na Koko, mama ya Papa, bado anatembea mupaka kwa mulango? Miye niko muzima. Dada yako ananilisha mupaka nguo zinakataa kufunga. Lakini maharagi ya hapa haina harufu, Mama. Nikifunga macho naona yetu ya Kalembe, ukungu ikiteremuka juu ya shamba, na weye unaimba polepole ili usiamushe wadogo.

Barua hii ataileta Mama Kavira, muuzaji wa vitenge. Maneno inayofuata hapa usiisomee watu.

Unajua vijana wenye ninaandika nao programu za ordinatere, ni kusema kompyuta, zile tunazitoa bure, kila muntu achukue. Hii ya sasa inasoma mizani ya kupimia watoto na kuandika uzito wao. Tulikuwa karibu kuitoa. Kwangu ilikuwa inafanya muzuri kabisa. Halafu muntu wa Kisangani akatuandikia: kwake, mutoto mukondefu sana aliandikwa na uzito wa yule aliyemutangulia kupimwa.

Unakumbuka namna unageuzaka mufuko na kuukung'uta mbele ya kutia mbegu, ili maharagi ya zamani isibakie ndani? Miye niliandika pahali programu inaazima nafasi ndani ya ordinatere, na sikuikung'uta. Lugha tunayoandikia haina kanuni ya kusema nini itatokea ukifanya vile. Kwa ordinatere moja unapata jibu ya kweli, kwa ingine uongo, na haipigi kelele.

Kibaya iko mbele. Tuko na programu ingine yenye kuchunguza kazi yetu. Ilinionya. Sikuelewa onyo ile, na niliona haya kuuliza mbele ya wote kwa Kifaransa changu cha kuvunjikavunjika. Nikaandika mustari mumoja wa kuinyamazisha. Ikanyamaza kwa kazi yangu na kwa kazi ya wote.

Ningeweza kusahihisha pahali pangu kimyakimya. Lakini mustari ungebakia, na makosa ya wengine ingetoka pamoja nao, mupaka kwa mizani ya watoto. Na nikiuondoa, wangeuliza nani aliutia.

Siku mbili sikula vizuri. Nilikuwa nakumbuka tulivyokimbia kwenda Walikale. Kwa bariere, pale wenye bunduki walisimamisha watu, ulinifinya mukono, nikajua nisiseme kitu. Ulifanya vizuri, Mama, tulipita. Lakini tangu siku ile, kila nikiogopa nasikia vidole vyako, na ninanyamaza.

Jumatano tulikuwa wote kwa simu. Mukubwa wetu, kaka Muhindo wa Butembo, akauliza kama kuna neno. Nikasema:

«Kaka, kosa ya uzito ni yangu. Na onyo, ni miye niliizima.»

Halafu yeye:

«Furaha? Ni weye ndiye unasema? Miye nilizania mikro ya simu yako ilikufa tangu tujuane!»

Wakacheka. Miye nikalia.

«Usilie, dada. Ondoa ule mustari, tuone.»

Nikauondoa. Maonyo ikamwangika kama mvua ya mwezi wa ine, na mbili ilikuwa ya kazi ya Muhindo mwenyewe.

«Aa, leo nimekamatwa!» akasema.

Kwa hiyo hatuitoi kwanza. Tunasafisha. Kuna mumoja amekasirika, hanisalimii tena, alikuwa ameshaambia watu tarehe ya kuitoa. Inaniuma, lakini usingizi imerudi.

Unisalimie Koko, umuambie ninavaa kile kitambaa chake. Nisalimie Amani na Neema, wadogo zangu, wakuchotee maji bila kugombana. Nisalimie pia mwalimu wangu wa Kifaransa, yule alikuwa ananisimamisha mbele ya darasa nibakie kama muntu asiye na ulimi.

Na ombi moja, Mama. Barua zako zote zinasema «tuko salama, usihofu.» Nilikuwa nafurahi na siulizi. Sasa nauliza. Munalala ndani ya nyumba, ao munajificha ndani ya shamba? Na Papa, tangu aende kuchimba madini Bisie, alituma neno ao hapana? Andika vile iko. Nitaisoma yote.

Ni miye, mutoto wako wa kwanza,
Furaha