Flashi na Mashine Tupu

Mercredi, mangaribi

Hata uongo sikuweza kumuambia, maana Papa Kasongo anajua yote.

Ku feti ya ndoa ya binti yake tulipatana hivi, sisi babili tu: Nilikuwa nimepata filme moya, ya picha kumi na mbili. Ikiisha, niendelee kupiga flashi na mashine ya picha tupu, bageni basijue. Bapiga picha bote ba hapa Kamalondo tunafanya vile sasa. Mwaka jana nilikuwa natafuta objektifu ya mupya, ile jicho ya mashine. Leo kupata filme tu kunanishinda.

Ku feti, mama muzee ya Papa Kasongo alikaa mbele yangu, akatengeneza kilemba, akacheka. Nilimupiga flashi mara tatu. Filme ilikuwa imeisha.

Juzi bamemuzika. Leo Papa Kasongo amekuya ku studio.

"Picha ya mama, hakuna hata moya?"

"Papa, tulipatana."

"Najua. Angalia tena."

Nikafungua mashine mbele yake. Tukainama babili, tukaangalia mule ndani.  

Samedi, kisha siku tatu, iko ndoa ingine. Filme bado haiko. Bazee batakaa mbele yangu, batatengeneza bilemba.