Mwanafunzi Wako wa mu Muchezo

Dilala, Kolwezi, tarehe 11 mwezi wa pili

Kwa yaya Guelord, mukubwa wangu, mutoto wa mama yangu,

Jambo sana, yaya. Mukono unaoandika barua hii ni muzima, na ninamuomba Mungu ikukute na wewe uko muzima huko Sandoa. Mama Henriette, mwenye kuleta mahindi yenu ku soko ya huku, alituambia kwamba mvua ilinyesha vizuri na malaria imekuachilia. Tulifurahi sana. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anaenda ku soko kila siku na hakubali mutu amubebee kikapo. Tata muzazi wetu, ule muguu wake uliovunjika mwezi wa saba, wakati pikipiki ilimuangusha, umesha kuunga. Anatembea na fimbo mpaka ku baraza, hapiti hapo.

Mu mesaji yako ya mwisho uliniuliza kama ninamujua mwanafunzi wako wa mu muchezo, yule anayejiita Mugeni, juu alikuambia anakaa Kolwezi na sasa siku kumi hajibu. Uliogopa amegonjwa. Ndiyo yaya, ninamujua. Hakufa, na si mugonjwa. Lakini jina lake nitalitaja chini, na ninakuomba usiruke mistari. Soma polepole. Maneno haya hayangeenea mu mesaji.

Alianza mwezi wa kumi. Siku moja ya Mungu, Jumapili, alinikuta nimekaa na telefone, ninacheza ule muchezo ulionionyesha wewe, wenye inchi kubwa ya milima na mabomoko, kule mutu anatembea anakotaka, anapigana na banyama, anaokota majiwe ya kuvutia bapiganaji bapya kwa bahati, sawa tombola. Aliuliza kama ule mulima wa nyuma mutu anaweza kuupanda, ao ni picha tu. Nikamupa telefone ajaribu. Alianguka mara tatu. Mara ya ine alifika juu, akaangalia chini, akacheka kwa sauti. Ilikuwa siku nyingi hajacheka. Kesho yake akaomba konti yake mwenyewe, na mi nikamupa telefone yangu ya zamani.

Yaya, alianza vibaya! Alikuwa na bapiganaji saba, akabakulisha bote sawasawa. Alisema haifai kumupa mumoja na kumunyima mwengine. Bote bakabaki bazaifu. Majiwe yake, akipata kumi, anavuta kumi siku ileile ku mulango wa kawaida, ule wa zawadi ndogo, anapata tu mapanga ya kutu. Kazi za hadithi, zile zinazopandisha nivo, ngazi ya muchezaji, aliziacha, akakimbilia banyama bakubwa ba kumuua kwa pigo moja. Juma mbili alikuwa palepale, nivo ya munane. Mi sikujua namna ya kumusaidia. Unajua mi ninacheza kwa kuangalia nguo tu. Ndipo nikamupa jina lako la mu muchezo, Mwana-Lualaba, nikamuambia huyu anajua, umuandikie.

Unakumbuka ulivyomujibu? “Chagua bapiganaji bane. Bale bengine habatakufa, batangoja.” Alikasirika siku nzima, alafu akachagua bane. Ulimuambia afuate hadithi kwanza, asipandishe ugumu wa ile dunia ya muchezo mbele silaha hazijakomaa, na ile nguvu inayojaa yenyewe kila siku asiiache ikamwagika bure. Ulimukataza kuvuta ku mulango wa kawaida. Ayaweke majiwe mpaka aje mupiganaji anayemutaka kweli. Aliyaandika yote mu kaye, daftari yake ndogo, na yale ya lazima akayapigia mustari wa kalamu ya biki nyekundu. Siku moja aliponyoka, akavuta mara moja, na alikuungamia sawa mutoto mbele ya padri. Ulimujibu kwamba hata wewe ulianza vile, ulimaliza majiwe yote ya mwezi wa kwanza, ukafuta konti, ukaanza upya. Alifurahia sana ile mesaji. Mesaji zako alikuwa ananisomea kwa sauti, na mi ninanyamaza.

Alafu akakuuliza ni nani alikufundisha kuvumilia hivi. Jibu lako ninalijua kwa kichwa: “Ni tata yangu. Alikuwa mupimaji wa majiwe ya madini ku kampuni. Alisema mwenye kuharakisha mizani anajiiba mwenyewe. Lakini alinitoa mu batoto bake, na mi sina tena pa kurudi.”

Ile jibu hakunisomea. Aliisoma peke yake, akaweka telefone ku meza, akaniita nisome.

“Falonne, huyu mwalimu ni nani?”

Yaya, mwanafunzi wako ni tata.

Mi nilijua tangu mwanzo. Yeye hakujua, na wewe haukujua. Niliwadanganya bote babili. Miaka tatu nilikuwa ninabeba salamu, hapa na pale, na hakuna mutu anazipokea. Nilipoona munasemezana kila siku, wewe unamuita “mugeni wangu”, yeye anakuita “mwalimu”, sikupata nguvu ya kuharibu. Nilijidanganya kwamba nitasema kesho.

Aliingia mu chumba chake. Siku nyingi hakugusa telefone, na chakula mama alikuwa anakirudisha nusu. Posho iliyopita, ile Jumamosi, akatoka, akakaa karibu yangu, akanielezea mambo ambayo sikujua. Ile siku alitupa sakoshi yako ya nguo inje, akasema ku mulango hauko tena mutoto wake, juu uliacha masomo ya ualimu mbele ya mutihani wa mwisho ukaenda kuchimba madini, alikuwa ametoka kumuzika mutoto wa rafiki yake Nkongolo, aliyefunikwa na udongo mu shimo. Alisema alikuona wewe mu lile sanduku. Alisema, “Haikuwa hasira, Falonne. Ulikuwa woga, lakini ulitoka mu kinywa changu na nguo ya hasira.” Yaya, sijapata kumuona tata analia, hata siku ya kifo cha koko, muzazi wake. Ile siku nilimuona.

Alafu akanituma niandike, na haya ni maneno yake, sikuongeza hata moja: “Yale niliyosema ku mulango niliyasema mi, na ni mi ninapaswa kuyameza. Nilitaka mutoto wangu akuwe mwalimu. Amesha kuwa, na anavumilia kunipita. Umuulize kama, sasa anajua mwanafunzi ni nani, atakubali kuendelea kumufundisha.”

Ni hayo tu. Hakusema nikuombe ujibu mbio. Ukikasirika, unikasirikie mi, juu uongo ulikuwa wangu; yeye alikuwa anakusikiliza kweli, na wewe ulikuwa unamusaidia kweli. Hiyo haikuwa uongo.

Mama anakusalimia sana, anasema ukule vizuri. Basalimie bote ba shamba. Mama Henriette, mwenye kukuletea barua hii, atakaa huko siku ine mbele ya kurudi. Ukiwa na jibu, umupe. Na ukitaka kulileta mwenyewe, nafasi ya mbele mu lori yake iko wazi, nilisha kumuuliza.

Ni mi mudogo wako aliyenyamaza kupita kiasi,

Falonne